Samatta "alifeli" Uingereza? Tukae chini tuhesabu vizuri

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kwenye daladala nilikaa nyuma ya vijana wawili waliokuwa wakibishana mpira tangu napanda. Karibu na kituo changu mmoja akatoa hukumu: "Samatta? Mechi kumi na nne za ligi Uingereza, goli moja. Garasa yule." Mwenzake kimya. Mimi nikashuka na hasira ya bure, maana takwimu aliyoitaja ni ya kweli. Mechi 14 za Ligi Kuu akiwa Aston Villa, goli moja, halafu safari ya Uturuki. Sasa ningembishia nini?

Nimekaa nalo siku sita. Jibu ninalo, ila halienei kwenye kiti cha daladala, ndiyo maana nimelileta hapa. Uzi ni mrefu, asiye na bando aishie hapa.

Tuanzie Lubumbashi, Kongo, kwa sababu watu wengi wakisimulia habari za Mbwana Samatta wanaruka kutoka Mbagala hadi Ubelgiji kana kwamba katikati kulikuwa na usiku mmoja. Kulikuwa na miaka minne na nusu.

Mapema 2011 Simba ilipangwa na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe ile haikuwa timu ya kawaida. Ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilikuwa imetoka kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan. Ilitufunga 3-1 kwao na 3-2 Dar. Baadaye CAF ikawaondoa kwenye mashindano baada ya Simba kukata rufaa kuhusu uhalali wa beki wao Bokungu, Simba ikapewa mechi moja na Wydad huko Cairo, ikalala 3-0. Kwa hiyo mwaka ule hakuna aliyenufaika na ile mechi isipokuwa kijana mmoja wa Simba wa miaka 18, Samatta. Mazembe walipoteza kombe, wakaondoka na straika.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tutulie. Lubumbashi Kiswahili kinasemwa. Si hiki chetu, kina ladha yake na Kifaransa kimejaa, lakini siku ya kwanza kambini unaweza kuomba maji na ukapewa maji. Wangapi wetu walirudi kutoka Ulaya baada ya miezi mitatu kwa sababu ya baridi na ububu tu? Huyu alianza maisha ya ugenini mahali ambapo alitakiwa kubadilika kimpira kwanza, mengine yakafuata taratibu. Na hakuwa peke yake, Thomas Ulimwengu alikuwa naye pale pale.

Halafu tazama alichokutana nacho uwanjani. 2012 nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wametolewa na Espérance. 2013 fainali ya Kombe la Shirikisho, wamefungwa na Sfaxien. 2014 nusu fainali tena, wametolewa na Sétif kwa goli la ugenini baada ya jumla ya 4-4. Miaka mitatu mfululizo unafika mlangoni unafungiwa. Straika wa miaka 19, 20, 21 anajifunza nini hapo? Anajifunza kucheza Tunis na Algeria usiku, beki anakuvuta jezi na mwamuzi anaangalia kwingine, na nafasi ni moja dakika ya 70.

2015 ndiyo ikawa zamu yake. Fainali na USM Alger: mechi ya kwanza Algiers 2-1, Kalaba kafunga, Samatta kafunga kwa penalti. Marudiano Lubumbashi 2-0, mlango umefunguliwa tena na Samatta kwa penalti. Penalti mbili kwenye mechi mbili za fainali, nchi za watu, miaka 22. Alimaliza na magoli saba, juu ya chati ya wafungaji pamoja na Bakri Al-Madina wa Al-Merrikh. Januari 2016, Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, mbele ya kipa wake mwenyewe Kidiaba na Baghdad Bounedjah. Mwezi huo huo akasaini Genk ya Ubelgiji.

Naendelea chini, simu inazima.

#2

Mleta uzi chaji simu. Nimekaa mkao wa kula.

#3

Ila usisahau Mazembe walikuwa wanalipa, mkuu. Katumbi wakati ule ni gavana wa Katanga na timu ni yake. Kuna wachezaji walikuwa wanakataa ofa za Ulaya kwa sababu Lubumbashi mshahara ulikuwa mzuri kuliko timu ndogo za Ufaransa. Kwa hiyo na wewe usipambe sana kwamba ilikuwa ni uvumilivu. Alikuwa sehemu nzuri, analipwa vizuri.

#4 – Mleta uzi

Nimerudi. #3 uko sahihi, na hilo linanisaidia hoja yangu. Mchezaji aliyeshiba hakimbilii ofa ya kwanza. Aliyekwenda Ubelgiji hakuwa kijana wa majaribio, alikuwa bingwa wa Afrika mwenye tuzo mkononi.

Na Ubelgiji hawachukui mtu kwa kubahatisha. Wana sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa mchezaji anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, na kima chenyewe ni kikubwa kwa makusudi, klabu zisije zikajaza vijana wa bei chee. Maana yake ukimsajili Mtanzania lazima uwe umekusudia kumtumia.

Genk alikuta vijana kama Wilfred Ndidi na Leon Bailey, wote waliuzwa Januari 2017, na msimu huo huo timu bado ikafika robo fainali ya Ligi ya Europa. Ile hatua ya 16 bora walikutana na Wabelgiji wenzao Gent, wakawapiga tano kwao, Samatta mawili. Robo wakatolewa na Celta Vigo.

Lakini Samatta kamili mimi namwona msimu wa 2018/19. Agosti aliwatupia Brøndby matatu kwenye mchujo wa Europa, mechi ikaisha 5-2. Ligi akafunga zaidi ya magoli 20, Genk bingwa, na akachukua Kiatu cha Ebony, ile tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika Ubelgiji.

Sasa wewe uliyetazama mechi zile, kumbuka magoli yale yalikuwa yanafikaje. Nyuma yake kuna Malinovskyi na Pozuelo (huyu aliondoka Machi 2019 kwenda Toronto). Kushoto kuna Trossard. Kulia beki Mæhle anapanda mstari mzima kama winga na krosi zake ni za chini, za kasi, zinapita kati ya kipa na mabeki. Samatta si straika wa kupewa mpira akiwa amelipa goli mgongo akae nao. Ni wa kukimbia: anajificha upande asioonwa na beki, mpira unapotoka mguuni mwa Malinovskyi yeye ameshaondoka hatua mbili. Kichwa anacho, kimo chake si cha kutisha ila anaruka kwa wakati. Mnyime pasi ya mapema na krosi ya mapema, umemnyang'anya zana zake za kazi.

Ndiyo maana hata kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya 2019, Genk ikiwa inachapwa, yeye alifunga. Salzburg 6-2 (usiku ule Haaland alipiga matatu, dunia nzima ikamjua), goli moja la Genk lilikuwa la Samatta, Mtanzania wa kwanza kufunga kwenye mashindano yale. Anfield tarehe 5 Novemba, kona, kichwa, nyavu. 2-1 ndiyo, tulifungwa, lakini nani alilala mapema siku ile?

#5

"Tulifungwa" 😂 mkuu tangu lini wewe ni wa Genk?

#6

Tangu Januari 2016 kama sisi wote. Mimi hadi leo najua jina la uwanja wao na sijawahi kufika hata Nairobi.

#7

Natofautiana na mleta uzi, na sitapepesa macho. Straika ni magoli. Hizi habari za krosi za chini na mabeki wanaopanda ni utetezi. Septemba 2020 Villa hiyo hiyo ilimleta Ollie Watkins, msimu wake wa kwanza Ligi Kuu akafunga 14. Kocha yule yule Dean Smith, Grealish yule yule. Tofauti ni nini kama si uwezo?

#8 – Mleta uzi

Swali zuri kuliko yote, na nilikuwa nalisubiri, japo kwa woga kidogo.

Kwanza weka picha ya Januari 2020 sawa. Villa walikuwa wanapigania kutoshuka. Straika wao Wesley aliumia goti siku ya mwaka mpya. Samatta kasajiliwa tarehe 20 Januari, tena kwa kupitia njia ngumu ya kibali cha kazi. Kabla ya 2021 Waingereza walikuwa wanatoa kibali cha moja kwa moja kwa mchezaji ambaye nchi yake iko 50 bora za FIFA na anaitwa timu ya taifa mara kwa mara. Kwenye kuitwa hakuwa na shida, lakini Tanzania na 50 bora mnajua wenyewe. Kwa hiyo kesi yake ilipaswa kwenda kwenye jopo la watu wanaoangalia dau, mshahara na kiwango cha timu anayotoka. Hakuna kambi ya maandalizi. Unashuka kwenye ndege, unavaa jezi, timu inazama.

Tarehe 28 akaanza nusu fainali ya Kombe la Carabao (Kombe la Ligi la Uingereza) na Leicester, wakashinda 2-1 dakika za majeruhi. Tarehe 1 Februari Bournemouth, mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga. Tarehe 1 Machi fainali Wembley na Manchester City, akafunga. Ndani ya wiki tano. Kisha katikati ya Machi ligi ikasimama kwa korona, miezi mitatu. Iliporudi Juni hakufunga tena hata moja, na hilo sitalificha. Alipata mechi, alipata nafasi chache, hazikuingia.

Ila tazama na timu yenyewe: Villa ilifunga magoli 41 kwenye mechi 38 msimu mzima. Kinara wao wa ligi alikuwa Grealish, na alikuwa na manane, naye ni kiungo wa pembeni! Mchezo wao ulikuwa mpira uende kwa Grealish, Grealish autunze, avute watatu, apigwe faulo. Kwa timu inayozama hiyo ni akili, inapumzisha mabeki. Kwa straika anayeishi kwa kukimbia nyuma ya beki ni kifo. Ameshakimbia mara tatu, mpira bado uko kushoto, beki amerudi, anaanza upya.

Watkins sasa. Watkins alifundishwa na Dean Smith mwenyewe Brentford kabla. Alikuja mwanzo wa msimu, pamoja naye wakaja Emiliano Martínez golini, Matty Cash kulia, Bertrand Traoré, Ross Barkley kwa mkopo. Ile ilikuwa Villa nyingine iliyovaa jezi zilezile.

Lakini #7 nakupa nusu. Watkins anakaba kuanzia mbele dakika 90 na anaweza kuushika mpira akiwa amelipa goli mgongo. Samatta hicho hakuwa nacho kwa kiwango cha ligi ile. Kama ungekuwa kocha na una pesa ya kumnunua Watkins, ungemnunua. Mimi pia. Ila kocha kumhitaji mtu wa aina nyingine hakumfanyi aliyepo kuwa garasa.

#9

Hapo kwenye nusu tumeelewana. Nusu iliyobaki nitaifikiria nikishaswali.

#10

Wacha niwakumbushe fainali ile. Jumapili, mechi saa moja na nusu usiku kwa saa zetu. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kiliweka viingilio mara mbili na watu wakalipa bila kelele, mimi nimesimama mlangoni mguu mmoja ndani. City wanaongoza 2-0 ndani ya nusu saa, Agüero na Rodri, watu wameanza kutoka. Dakika ya 41 Stones anateleza, El Ghazi anaachia krosi, na jamaa anaruka kama anapiga mbizi baharini. Wakuu, televisheni ilizimika. Si umeme, ni mtu alirukia waya. Tulivyorudishiwa picha wanaelekea mapumziko, na hakuna aliyedai pesa yake.

Mwisho Engels alipiga kichwa dakika za jioni, Bravo akaugusa ukagonga mwamba. Ule mpira ungeingia sijui ningekuwa mtu gani leo.

#11

Jirani kutoka Kenya hapa, nimefika kwa amani. Nyinyi Watanzania mnampenda Samatta hadi mnasahau hesabu. Kama ni kupima straika wa Afrika Mashariki, Olunga mnamweka wapi? Januari 2018 akitoka benchi Girona alipiga hat-trick na Las Palmas, 6-0, La Liga hiyo. 2020 Kashiwa Reysol mabao 28, mfungaji bora Japani na mchezaji bora wa ligi nzima. Na AFCON 2019 pale Cairo, Samatta alifunga, sawa, lakini ni nani alifunga mawili mkalala 3-2? 😏

#12

Karibu jirani, kunywa chai kwanza. Hiyo 3-2 tuliongoza mara mbili, tusikumbushane machungu.

#13 – Mleta uzi

#11 ndugu yangu, Olunga nampa heshima zote, na tena ni shahidi wangu. Pale Girona baada ya hat-trick ile alibaki? Hakubaki. Alikwenda Japani, timu ikashuka naye daraja la pili, akakaa, wakapanda, halafu ndiyo akafunga 28. Kama tungemhukumu kwa Girona tungesema La Liga ilimshinda. Alipata timu inayompelekea mpira anakotaka yeye, tukaona mwenyewe ni nani.

Straika ndiye mchezaji anayehukumiwa kwa kazi ya watu wengine kumi. Kipa akiwa timu mbovu anapata sifa, mashuti yanakuja kwake. Beki wa timu mbovu anaonekana shujaa akizuia mawili matatu. Straika wa timu mbovu anaonekana hayupo.

Baada ya Villa je? Fenerbahçe, Septemba 2020, mkopo wenye sharti la kumnunua. Huko alikuta Enner Valencia, Papiss Cissé, Mame Thiam, wote wanagombea namba moja au mbili za mbele. Timu ilimaliza ya tatu, pointi mbili nyuma ya bingwa, na Machi 2021 kocha Erol Bulut akaondoka. Magoli yake ya ligi hayakufika kumi. Hapo mimi sina utetezi mkubwa, ule nauita msimu wa kawaida wa mchezaji wa kawaida.

Antwerp kwa mkopo 2021/22, straika anayeaminiwa alikuwa Michael Frey. Ila kuna kitu kimoja nakipenda: Oktoba 2021 Antwerp ilikwenda Istanbul kucheza na Fenerbahçe, klabu iliyokuwa inammiliki, na dakika ya pili tu Samatta kafunga. 2-2. Nadhani hata mhasibu wa Fenerbahçe alikuna kichwa.

Kisha Genk tena kwa mkopo 2022/23, na hapo mpira ulimfanyia ukatili. Siku ya mwisho, nyumbani, Genk wanaongoza 2-1 dhidi ya Antwerp na ubingwa unaelekea kwao. Dakika za nyongeza Alderweireld wa Antwerp akaachia mkwaju mmoja. 2-2, kombe likaenda Antwerp, timu aliyoichezea mwaka mmoja nyuma.

Baadaye PAOK, akapata ubingwa wa Ugiriki 2024, mara nyingi akitokea benchi. 2025 akaenda Le Havre, Ufaransa. Ana zaidi ya miaka 30 na bado anasajiliwa na klabu ya moja ya ligi tano kubwa za Ulaya.

#14

Swali la mtu asiyejua. Kwa nini alikuwa anakopeshwa kila mwaka? Si dalili kwamba hawamtaki?

#15

Najibu mimi, niliwahi kufanya kazi kwenye mambo ya usajili huku kwetu. Mkopo mara nyingi ni habari ya mshahara kuliko miguu. Klabu ikishakusainisha miaka minne kwa mshahara wa Uingereza au Uturuki, kukuuza kunakuwa kugumu, kwa sababu klabu ya Ubelgiji haiwezi kuulipa wote. Kwa hiyo wanagawana: anayekukopa analipa sehemu, anayekumiliki anamalizia. Mchezaji naye hana haraka ya kuvunja mkataba mnono. Ni ndoa ya hesabu.

Na nyongeza ambayo watu hawaisemi. Samatta alipouzwa, asilimia 5 ya dau inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ni kanuni ya FIFA inayoitwa mchango wa mshikamano. Miaka ya 12 hadi 15 kila msimu ni robo asilimia ya dau lote, kuanzia 16 hadi 23 kila msimu ni nusu asilimia. Tuseme dau ni pauni milioni 10 kwa urahisi wa hesabu: kila msimu mmoja aliokaa na wewe akiwa na miaka 18 ni pauni 50,000. Mazembe kwa miaka ile waliyokaa naye ni pesa ya maana. Simba na African Lyon wana misimu yao. Sasa jiulize zile timu za mtaani za Mbagala alizopita akiwa na miaka 13, 14.

#16

Hazikupata kitu, sivyo?

#17

Ambayo haikumsajili rasmi haina cha kudai. Hakuna karatasi, hakuna pesa. Zamani ilibidi klabu yenyewe ijue kwamba mchezaji kauzwa, iandike madai, ifuatilie. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA ina mfumo wa malipo unaopitisha hizo pesa wenyewe, lakini unasoma usajili uliopo kwenye kompyuta. Mtoto aliyecheza chandimu miaka minne na timu yenye katibu mmoja na daftari lililoloa mvua, kwenye mfumo ule hajawahi kuwepo.

#18

Wazee wanakumbuka Sunday Manara "Kompyuta" alicheza Uholanzi, Heracles, miaka ya 70. Na Nonda Shabani alivaa jezi ya Yanga hapa hapa kabla ya kwenda Afrika Kusini, Zürich, Rennes, hadi fainali ya Ligi ya Mabingwa na Monaco 2004. Tulimwona anapita tu. Samahani kwa kutoka nje ya mada, ila Nonda naye hakuruka moja kwa moja kwenda Monaco.

#19

Hujatoka nje ya mada mzee wangu, umeingia katikati kabisa.

#20

Wakuu, mimi ni msomaji wa kimya, leo imebidi nijisajili. Nina mpwa wangu, straika, ametimiza 16 juzi. Kuna mtu amejitambulisha kama wakala, anasema ana klabu Ulaya inamtaka kwa majaribio, familia ichangie gharama za viza na malazi. Dada yangu anataka kuuza kiwanja. Nimesoma uzi wote huu kuanzia juu mara mbili. Naombeni ushauri, bila mzaha.

#21 – Mleta uzi

Kaka, mwambie dada asiuze kitu chochote wiki hii.

Sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa mambo machache: wazazi wamehamia huko kwa sababu zisizo za mpira, au anaishi karibu na mpaka, au uhamisho uko ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi kwa wenye miaka 16 hadi 18. Wa Tanzania mwenye 16 kwenda Ulaya hayumo. Kelvin John, straika wetu mwingine, tulimsikia na Genk akiwa mdogo, lakini alisaini alipofika 18. Kwa hiyo hata majaribio yawe ya kweli, wakimpenda hawawezi kumsajili kesho. Anakwenda, anakaa miezi miwili, viza inaisha.

#15 una cha kuongeza?

#22

Ninacho. Muulizeni huyo bwana leseni yake ya uwakala ya FIFA. Tangu 2023 wakala anafanya mtihani na jina lake linaonekana kwenye orodha ya FIFA mtandaoni, unalitafuta mwenyewe kwa simu. Kama halimo, hakuna mazungumzo. Kama limo, muulizeni kwa nini gharama alipe mzazi, klabu inayomtaka mtu kweli humtumia tiketi.

Na la mwisho, kijana yuko timu gani sasa, na amesajiliwa?

#23

Anacheza timu ya mtaa, ndondo na mechi za Jumapili. Kocha anasema "kasajiliwa" ila sijawahi kuona karatasi.

#24

Kaanzie hapo. Nenda kwa katibu, mwambie unataka kuona usajili wake kwenye mfumo, si kwenye daftari. Ukikuta hayumo, tafuteni timu ya vijana ya klabu ya Ligi Kuu au Championship (daraja la pili) wamsajili. Ana miaka miwili ya kufunga magoli hapa hapa.

#25 – Mleta uzi

Na akifika 18 na ofa ikatoka Lubumbashi, Casablanca au Lusaka, wasiidharau eti si Ulaya.

#26

Asanteni. Nimempigia dada, amekubali kusubiri. Huyo wakala nimemwuliza leseni kwa ujumbe saa nne asubuhi, tiki mbili za bluu, hajajibu. Katibu wa timu anapatikana Jumamosi jioni uwanjani, nitakwenda na mpwa wangu mwenyewe.